Maswali na Majibu: Askari wa Vita vya Marekani, na walikoishia

Toleo lililopita tuligusia Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), vile vya Kaskazini dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga kwa ajili ya kulinda utumwa. Maswali yamekuja mengi. Nimechagua yanayowahusu askari wenyewe, maana majenerali wamekwishaandikwa vya kutosha.

Nasikia Stanley, yule mwandishi aliyemkuta Livingstone Ujiji, alipigana pande zote mbili. Kweli au porojo?

Kweli tupu, na ukihesabu vizuri aliingia jeshini mara tatu. Alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, akafika New Orleans akiwa kijana wa kazi melini, akaitoroka meli. Vita vilipoanza alikuwa Arkansas, akiuza dukani. Mwenyewe anasimulia kwamba hakuwa na haraka ya kujiandikisha, mpaka siku alipoletewa kifurushi, kukifungua ndani mna gagulo la kike. Aibu ikampeleka jeshi la Kusini. Kwenye mapigano ya Shiloh, Aprili 1862, anasema risasi iligonga bizimu ya mkanda wake ikaipinda, yeye akasalimika. Kesho yake akatekwa. (Masimulizi yake yasomwe kwa tahadhari, bwana huyu alipenda kupamba.)

Alifungwa Camp Douglas, Chicago, kambi ambayo mateka walikuwa wakifa kama kuku wa mdondo. Aliyetaka kutoka alikula kiapo na kuvaa sare ya Kaskazini, naye akala. Baada ya wiki chache akashikwa na kuhara damu, akaachishwa. Mwaka 1864 akaingia jeshi la majini la Kaskazini, na Februari 1865 akatoroka. Ndiye huyo aliyeshuka Unguja Januari 1871, akakodi wapagazi wa kwenda bara, na waliotoroka msafara akawachapa viboko. Hapo sina la kuongeza.

Askari weusi wa Kaskazini walilipwa sawa na weupe?

Mwanzoni hapana. Askari mweupe wa kawaida alipata dola 13 kwa mwezi na nguo juu yake. Mweusi aliandikiwa dola 10, tena zikakatwa 3 za nguo, akabaki na 7. Na hawa si watu wachache: jeshi la nchi kavu peke yake lilikuwa nao kama 179,000, wengi wao wakiwa wametoka utumwani juzi juzi.

Waliolivalia njuga suala hili ni rejimenti ya 54 ya Massachusetts, kikosi cha askari weusi, ambao waliahidiwa malipo sawa walipoandikishwa. Siku ya mshahara ilipofika walikataa kupokea hata senti. Serikali ya jimbo lao ikajitolea kufidia pengo, wakakataa pia: walitaka haki kutoka kwa serikali waliyokuwa wakiipigania. Wakapigana bila mshahara, wakashambulia Wagner, ngome ya Kusini, Julai 1863 na kupoteza watu wengi, huku nyumbani wake na watoto wakihangaika.

Juni 1864 Bunge likasawazisha mishahara, lakini kwa mtego. Malimbikizo yote ya tangu kuandikishwa yangekwenda kwa yule tu aliyekuwa huru tarehe 19 Aprili 1861. Waliokuwa watumwa siku hiyo wangefanyaje? Kanali wao, Edward Hallowell, akatunga kiapo: kila askari aape kwamba siku ile hapakuwa na mtu aliyekuwa na haki ya kumfanyisha kazi bila ujira. Aliyekuwa mtumwa aliweza kuapa hivyo dhamiri ikiwa safi, kwani ni nani aliyekuwa na haki hiyo? Kwangu mimi, ujanja huu unazidi mbinu nyingi za vitani. Machi 1865 sheria nyingine ikaziba pengo lililobaki.

Walikufa wangapi?

Hesabu iliyozoeleka ni 620,000 kwa pande zote mbili. Wapo wanahistoria wanaofika 750,000. Wengi waliondoka kwa kuhara, homa ya matumbo na nimonia kuliko kwa risasi.

Vita vile vilitugusa huku pwani?

Sokoni, ndiyo. Merekani, kile kitambaa kigumu cha pamba ambacho misafara ilikitumia kama fedha kutoka Bagamoyo hadi Unyamwezi, kililetwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts. Vita vikaikausha pamba, bei ikapaa, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata mwanya.

Halafu wakaja askari wenyewe. Khedive (yaani mtawala) Ismail wa Misri aliajiri makumi ya maofisa wa vita ile, wa Kaskazini na wa Kusini, wakala meza moja Cairo. Mmoja wao, Charles Chaillé-Long, aliyewahi kupigania Kaskazini, alifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1874. Mwaka uliofuata alikuwemo katika msafara wa Misri uliovamia Barawa na Kismayu, bandari za Sultani Barghash. Barghash akalalamika, Waingereza wakambana Khedive, na Wamisri wakafungasha virago.

Mpiganaji wa mwisho alifariki lini?

Kwa upande wa Kaskazini ni Albert Woolson, aliyejiunga mwaka 1864 akiwa mpiga ngoma na hakuwahi kuona mapigano. Alifariki Agosti 1956. Chama cha wapiganaji wa Kaskazini, ambacho enzi zake kilikuwa na wanachama zaidi ya 400,000 na kuwatetemesha wagombea urais, kilifungwa mwaka huohuo.

Pensheni ilidumu zaidi. Askari mmoja, aliyetoroka jeshi la Kusini na kuingia la Kaskazini, alipata binti akiwa na miaka zaidi ya 80. Binti huyo alikuwa na ulemavu, hivyo akalipwa na serikali ya Marekani dola 73.13 kila mwezi hadi alipofariki Mei 2020.