Muulize Fundi: Mkono wa nyuma niurefushe sentimita ngapi?

*Shikamoo fundi. Kwa baba mdogo hapa Pasua nimeikuta Honda CG125 imelala miaka, injini bado nzima, na amenipa. Nataka kutengeneza pikipiki isiyofanana na ya mtu: ndefu, ya chini, tairi la nyuma pana la milimita 130. Fundi wa kuchomelea anasema atarefusha mkono wa nyuma kwa sentimita 25, kazi ya siku moja, mimi ninunue cheni tu. Pikipiki hiyohiyo itamshushia mama ndizi kutoka Kibosho kila Jumamosi. Niendelee?*
— Kijana wa Pasua, Moshi

Marahaba, mwanangu. Kwanza hongera kwa injini. Hiyo CG Honda walianza kuitoa mwaka 1976, valvu zake zinasukumwa na fito, na Wachina wameinakili sana. Vipuri utapata hata dukani kwa mangi anayeuza mafuta ya taa.

Sasa huo mkono unaoshika tairi la nyuma, au swingiamu kama tunavyouita hapa gereji. Vitu vitatu vimefungwa juu yake: cheni, shokapu na breki. Ukiurefusha, vyote vitatu vinataka kufuata, na fundi wako amekutajia kimoja.

Cheni ndiyo rahisi. CG inatumia 428, yenye milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Mkono ukiongezeka sentimita 10, cheni inaongezeka 20, kwa sababu inapita juu na chini: hizo ni pingili 16. Kwa sentimita 25 utahitaji kama pingili 40. Usije ukaunganisha kipande kipya na cheni kuukuu, itakutafunia sproketi, yaani gurudumu la meno linalobeba cheni.

Shokapu ndizo zitakazokuliza. Tuseme mkono wako una sentimita 45 kutoka bolti ya fremu hadi ekseli (pima wa kwako). Ukifika 70 na shokapu umeziacha zilipokuwa, tairi linakuwa na nguvu zaidi juu ya springi, kama mtu aliyeshika spana ndefu. Springi ileile inabaki na asilimia 41 tu ya ugumu wake kule kwenye tairi. Weka mikungu minne ya ndizi, shimo la kwanza tu tairi litagonga madigadi. Ukiongeza sentimita 10, inabaki na kama theluthi mbili, na hapo unaweza kuokoa jahazi kwa kusogeza vishikio vya shokapu nyuma, vya juu na vya chini. Ukisogeza vya chini peke yake shokapu zinalala, na shokapu iliyolala nayo inalegea.

Kuhusu breki nina aibu yangu. Miaka mingi nyuma nilimrefushia mteja mkono, nikarefusha na fimbo ya breki. Kile kibati kinachozuia kibao cha breki (kile kinachobeba viatu vya breki) kisizunguke na dramu nilikiungia kipande kwa nukta mbili za kuchomelea, nikajisemea nitarudi. Sikurudi. Nikaijaribu mwenyewe mteremko wa Sanawari, nikakanyaga breki, nukta zikakatika. Kibao kikazunguka na tairi, kikaivuta fimbo, tairi likagoma kabisa. Pikipiki ilikwenda ubavu na suruali yangu ikabaki kwenye lami. Kwa hiyo chako kikatwe kipya, fleti moja ndefu isiyo na kiungo, bolti zote mbili ziwe na pini ya kupinda.

Kwenye kuchomelea kwenyewe, usikubali chuma kigusanishwe kichwa kwa kichwa na kuzungushiwa moto. Ndani iingie bomba au mstatili unaobana, upite walau sentimita 5 kila upande, na maungio yakatwe mshazari. Bomba la maji libaki la maji: lile la mabati likichomwa moshi wake unaleta homa usiku. Ekseli na bolti ya fremu ziwe mahali pake wakati wa kuchomelea, na fundi aruke kulia na kushoto, nukta kwa nukta, maana moto huvuta chuma. Kikishapoa, pima kutoka katikati ya bolti ya fremu hadi katikati ya ekseli, pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 1, kirudi mezani. Zile alama za kukazia cheni usiziamini tena.

Kukaza cheni nako kuna namna yake. Fungua shokapu zote mbili, inua tairi kwa mkono taratibu huku ukishika cheni. Sproketi ya mbele, bolti ya fremu na ekseli zikikaa mstari mmoja, cheni inakaza kuliko kokote. Hapo ndipo iachie ulegevu kidogo, halafu rudisha shokapu. Ukikaza pikipiki ikiwa imesimama bila mzigo, utaikata njiani umepakia.

Tairi la 130 silitaki. La zamani la 3.00 lina kama milimita 80, hivyo unaongeza 25 kila upande, na cheni itakuwa inanyoa mpira. Utalazimika kutoa sproketi zote mbili nje, na shafti ya CG inayobeba sproketi ya mbele ni fupi. Weka la 100, au 110 na rimu inayolifaa. Jibu langu basi ni sentimita 10 tu. Hata kona za kupanda Kibosho zitakushukuru, pikipiki ndefu inageuka kama lori.

Kwa ule mlima, punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele. Kutoka 15 kwenda 14 ni sawa na kuongeza matatu nyuma kwenye 42. Na grinda isikaribie namba ya fremu, ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi.

*Habari za kazi fundi. Bodaboda yangu nimeiwekea sproketi ya nyuma ya meno 45 badala ya 42. Dereva anasema sasa kilomita za kwenye saa ni za uongo na mafuta yanaisha haraka, kwa hiyo hesabu ya siku nimpunguzie.*
— Mama wa Usa River

Njema, dada. Inama uangalie kebo ya saa inatoka wapi. Kama inatoka tairi la mbele, sproketi ya nyuma haihusiki nayo hata kidogo, kilomita ni zilezile. Kwenye mafuta ana ukweli kiasi: kwa mwendo uleule na gia ileile injini inazunguka zaidi kwa asilimia 7. Asilimia 7, dada, si nusu tangi.