Usiulize bei kabla ya kuuliza maji

Maswali mnayoniandikia yamekuwa yaleyale. Familia iko kwenye apatimenti magharibi mwa jiji la Phoenix, Arizona, kodi imepanda, na dalali amewaonyesha nyumba mpya ya vyumba vinne huko Buckeye au Queen Creek, miji ya pembezoni. Tuhame? Waliouliza tu "Buckeye ni pazuri?" nimewaacha, maana hilo halijibiki. Buckeye ilikuwa na watu 6,537 mwaka 2000 na watu 91,502 mwaka 2020. Kutoka mtaa mmoja wa mji huo hadi mwingine unaweza kuendesha gari maili 20. Ukiniandikia, taja jina la mtaa na jina la kampuni inayouza maji pale.

Tumesikia serikali imepiga marufuku kujenga kwa sababu maji yamekwisha. Mbona Buckeye wanaendelea kujenga? (Baba wa watoto watatu, Glendale)

Hakuna marufuku ya kujenga, wala maji hayajakwisha. Tangu sheria ya maji ya chini ya ardhi ya mwaka 1980, mtu anayekata ardhi kuwa viwanja sita au zaidi katika eneo la Phoenix lazima athibitishe kwamba maji yapo kwa miaka 100. Juni 2023 idara ya maji ya jimbo ilipiga hesabu upya, ikakuta visima havitatosheleza kila kilichoahidiwa. Ikasimamisha vyeti vipya kwa mitaa inayotegemea maji ya visima vya hapohapo peke yake. Waliokuwa na vyeti vyao tayari wanaendelea. Ndiyo maana upande huu wa barabara mafundi wanapiga misumari, na ng'ambo kuna vigingi na vumbi tu. Mwaka 2025 jimbo lilifungua mlango mwingine: shamba likiacha kumwagiliwa, sehemu ya maji yake inaweza kuhesabiwa kwa nyumba mpya.

Basi swali lako liwe hili: nyumba hii, kwenye kiwanja hiki, inakunywa maji ya nani? Phoenix, Mesa na Glendale zina mchanganyiko wa mito ya Salt na Verde, mto Colorado na visima. Buckeye imeegemea visima zaidi. Mwanzoni mwa 2023 baraza la mji huo liliidhinisha dola milioni 80 kununua ekari moja ya ardhi kwenye bonde la Harquahala. Ekari moja! Kilichonunuliwa ni haki ya kuvuta maji chini yake. Queen Creek nao walileta maji ya Colorado kutoka shamba la Cibola, mpakani na California, na kesi ikafuata mahakamani. Gharama kama hizo mwisho wake ni bili ya mwananchi.

Kabla ya kusaini, dai ripoti ya umma (Public Report) ya mtaa huo, inayotolewa chini ya Arizona Department of Real Estate, idara ya jimbo inayosimamia uuzaji wa nyumba na viwanja. Muuzaji wa nyumba mpya analazimika kukupa. Wengi wanaisaini kwa kidole kwenye simu bila kuifungua, halafu wananiandikia baada ya mwaka. Soma sehemu ya maji: je, mtaa una cheti chake, au mji mzima umethibitishwa? Soma pia mafuriko, shule na ndege; ukiwa karibu na kambi ya jeshi la anga ya Luke utazisikia F-35. Kisha tafuta bili ya kodi ya ardhi ya nyumba jirani. Ukiona mstari wa CAGRD, ujue mtaa unavuta maji ya chini na kuna chombo kinacholipwa kuyarudisha ardhini kwa niaba yako. Si kosa, ila ni malipo ya kila mwaka, na hayapangwi na wewe. Ongeza hili: makubaliano ya sasa ya kugawana mto Colorado yanafikia kikomo mwaka 2026, na Arizona iko nyuma kwenye foleni ya haki za mto huo.

Dalali ana ekari moja na robo upande wa Tonopah, nusu ya bei ya mjini, na mbuzi ruksa. Maji yanaletwa na boza. Tuchukue? (Mke na mume, Phoenix)

Msichukue bado. Ile sheria ya miaka 100 inaanza kwenye viwanja sita, kwa hiyo wajanja hukata vitano. Anayenunua kimoja naye hukata vitano, na kabla hujageuka kuna mtaa mzima usio na uthibitisho wowote wa maji. Wenyeji wanaiita mitaa ya paka-mwitu. Rio Verde Foothills, kando ya Scottsdale, ilikuwa hivyo: tarehe 1 Januari 2023 Scottsdale ilifunga bomba lililokuwa likijaza maboza, na mamia ya nyumba za bei mbaya zikabaki zikikinga maji ya mvua ili kuvuta choo.

Pigeni hesabu. Watu watano, kila mmoja galoni 80 kwa siku, ni galoni 400. Tangi la galoni 5,000 linakwisha siku ya kumi na tatu, mbuzi hawajanywa. Boza likiharibika Julai mtafanya nini?

Kama bado mnaitaka, sheria inamtaka muuzaji wa ardhi ya namna hii, nje ya mipaka ya mji, awape hati ya kiapo inayoeleza maji, njia na choo. Mkishaipokea mna siku tano za kujitoa. Kama kuna kisima, chukueni namba yake ya usajili, mkaangalie kumbukumbu zake kwenye idara ya maji: kina chake, na maji yalikutwa futi ngapi. Halafu mpeleke maji maabara kupimwa aseniki, floridi na naitreti. Kuonja hakutoshi, kwani aseniki haina ladha. Ulizeni pia njia ni ya nani. Ikiwa ni ya binafsi, kaunti haileti greda baada ya mafuriko, na makorongo makavu yale hujaa maji kwa dakika chache tu.

Kinu cha nyuklia cha Palo Verde kiko karibu na Buckeye. Ni hatari kwa watoto? (Mama, Avondale)

Mama, barabara ya I-10 utakayowapitisha kila siku ni hatari zaidi. Na kinu kile hupozwa kwa maji taka ya mijini yaliyosafishwa, kwa hiyo kwenye maji kina adabu kuliko jirani mwenye bustani ya nyasi.

Nafanya kazi uwanja wa ndege wa Sky Harbor, nyumba nimepata Maricopa. Si bado ni Maricopa hiyohiyo? (Kijana, Phoenix)

Siyo. Nimeshalieleza hili mara nyingi. Mji wa Maricopa hauko Kaunti ya Maricopa. Uko Kaunti ya Pinal, kusini. Kodi, mahakama na shule ni za huko. Umeme ni wa shirika jingine pia, ED3, wala si APS au SRP, mashirika ya umeme ya Phoenix.

Chukulia maili 35 kwenda na 35 kurudi, siku 22 kwa mwezi: maili 1,540. Mamlaka ya kodi ya Marekani iliweka senti 70 kwa maili mwaka 2025 kama gharama ya kutumia gari kikazi, yaani petroli, matairi, bima na uchakavu kwa pamoja. Ni dola 1,078 kwa mwezi. Nyumba ikiwa nafuu kwa dola 500 kuliko ya Tempe, umepata nini? Barabara ya 347 ndiyo njia kuu ya kuelekea Phoenix. Ajali moja na zamu imekupita. Betri ya gari hapa huishi miaka miwili au mitatu, joto linaikausha. Vumbi zito likikukuta njiani, toka barabarani kabisa, zima taa zote, weka breki ya mkono na uondoe mguu kwenye breki. Ukiacha taa za nyuma zikiwaka, anayekuja nyuma atadhani unatembea na atakufuata.

Kiyoyozi cha nyumba tunayotaka kununua kina miaka 14 lakini kinafanya kazi. Tukiache? (Wanunuzi wa mara ya kwanza, Laveen)

"Kinafanya kazi" mwezi gani? Februari hata feni ya mezani inafanya kazi. Mwaka 2023 Phoenix ilipita siku 31 mfululizo za nyuzi 110 za Farenhaiti au zaidi, yaani zaidi ya 43 za Selsiasi. Mwaka huohuo Kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto. Kwa waliofia ndani ya nyumba, mara nyingi kiyoyozi kilikuwa kibovu au kimezimwa.

Kipimeni hivi. Kiwashe dakika 15. Pima hewa inayoingia kwenye tundu kubwa lenye filta, kisha hewa inayotoka kwenye tundu la karibu na mashine. Tofauti iwe kati ya nyuzi 16 na 22 za Farenhaiti. Ikiwa chini ya hapo, gesi imepungua, koili ni chafu, au mabomba ya hewa yanavuja darini, ambako joto hupita nyuzi 140. Ikiwa juu ya hapo, hewa haipiti vizuri; anza na filta. Soma kibandiko cha mashine ya nje. Kikisema R-22, gesi hiyo ilikoma kutengenezwa na kuingizwa Marekani mwaka 2020. Usinunue nyumba bila kupunguziwa bei ya mashine mpya.

Mkishahamia, badilisheni filta kila siku 30 wakati wa joto. Msinunue ile inayochuja sana ya MERV 13 (MERV ni kipimo cha uchujaji wa filta) kwa sababu kasha limeandikwa "bora". Kwenye tundu la inchi moja inakaba hewa, koili inaganda barafu, barafu inayeyuka, na dari inalowa. MERV 8 inatosha. Bomba dogo la plastiki linalotoa maji ya kiyoyozi limwagieni kikombe cha siki kila mwezi, lisizibe kwa ukungu.

Kinachokufa mara nyingi zaidi ni kapasita, kifaa kidogo kinachosaidia mota kuwaka. Dalili: mashine ya nje inanguruma lakini feni haizunguki. Kifaa chenyewe ni makumi machache ya dola, ila fundi wa Jumamosi usiku mwezi Julai atakutoza mara kumi yake. Nunueni cha akiba chenye mikrofaradi zilezile, kikae kabatini. Msikifungue wenyewe kama hamjui kukimwaga umeme. Kinahifadhi chaji hata swichi kuu ikiwa imezimwa, na kinaweza kuua. Ukaguzi ufanyike Machi. Juni mafundi hawashikiki.

Bili nayo. Wengi hapa hawana Luku ya kuwakatia wakakumbuka. Utashtuka mwisho wa mwezi. Kwa mteja wa APS aliye kwenye mpango wa saa, bei ya juu ni saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. SRP ina saa zake. Poozeni nyumba mchana hadi nyuzi 75, saa 10 ipandisheni 80, na ugali upikwe baada ya saa 1. Kuzima kabisa asubuhi na kuwasha mnaporudi jioni ndiyo njia ya kulipa bei ya juu kabisa.

Valley fever ni ile homa ya Bonde la Ufa? (Mwanafunzi wa uuguzi, Tempe)

Hapana, na wewe wa uuguzi usiichanganye. Homa ya Bonde la Ufa ni ya virusi, ya mbu na mifugo. Hii ya hapa ni kuvu iliyo udongoni, Coccidioides, unayoivuta na vumbi. Haiambukizi mtu kwa mtu. Wiki moja hadi tatu baadaye huja kikohozi, homa, uchovu usioisha, maumivu ya viungo. Mara nyingi hutibiwa kama nimonia kwa antibayotiki zisizofanya kitu. Mitaa mipya ina tingatinga kila kona, kwa hiyo mwambie daktari unapoishi na uombe kipimo cha damu cha kuvu hiyo. Watu wenye asili ya Afrika, wajawazito, na wenye kinga dhaifu wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvu kusambaa nje ya mapafu. Hilo mama mjamzito anayehamia kando ya eneo la ujenzi anastahili kuambiwa, na dalali hatamwambia.

Malipo ya mwezi ni dola 2,300, na riba haibadiliki. Kwa hiyo ni 2,300 kwa miaka 30? (Dereva wa lori, Tolleson)

Riba haibadiliki, malipo yatabadilika. Nyumba mpya kwa kawaida huanza kutozwa kodi kama kiwanja kitupu. Ikishaingizwa kwenye daftari kama nyumba, kodi inaruka, benki inagundua akaunti ya kodi na bima ina upungufu, inakudai nyuma na mbele kwa mkupuo. Ongeza bima, ada ya HOA (chama cha wenye nyumba wa mtaa), na mstari wa wilaya ya huduma, CFD, ambao mitaa mingi mipya hutumia kulipia barabara na mabomba aliyojenga mwendelezaji. Mwambie afisa mkopo apige hesabu kwa kodi ya nyumba iliyokamilika. Akikataa, tafuta mwingine.

Tunaweza kuishi Buckeye bila gari? (Dada, Phoenix)

Hapana.

Sukuma wiki na matembele vitaota? (Bibi, Glendale)

Vitaota, Bibi, ila misimu imegeuka. Sukuma wiki panda Oktoba ule hadi Aprili. Kiangazi ni cha matembele, mchicha, bamia na kunde, chini ya kivuli cha wavu cha nusu jua. Chini ya udongo mara nyingi kuna tabaka gumu kama saruji, wanaliita kaliche, maji hayapenyi. Afadhali utengeneze tuta la kuinuka la inchi 12 hivi. Lime uani nyuma, maana HOA itaandika barua ikiona mboga mbele ya nyumba.

Tuhame mwezi gani? (Wengi)

Hameni Novemba. Lakini nyumba mkaione Julai, saa 11 jioni, mguse kwa ndani ukuta unaotazama magharibi.