Kufundisha kwa simu walezi wa wagonjwa walio karibu na mwisho

Ninyi mnaoanza kufundisha walezi wa kulipwa hapa Bukavu kwa njia ya simu, tazameni kwanza saa zao za kazi, ndipo mtunge somo. Mama anayelala kwa mgonjwa kule Kadutu au Nguba hana nafasi ya kusoma kurasa kumi. Mtumieni sauti ya dakika 3 au 4, yenye kitendo kimoja tu, kwa Kiswahili cha nyumbani, pamoja na picha moja. Sauti ya namna hiyo haifiki megabaiti 2. Video zinamaliza megabaiti haraka, basi mpeni siku mnapokutana, aziweke kwenye simu kabisa.

Jambo linaloharibika mara nyingi ni hili: mlezi anafungua somo la dalili za kifo kwa sauti kubwa, kando ya kitanda. Mgonjwa amefumba macho, lakini huenda anasikia kila neno, na watoto wake wamekaa palepale. Kwa hiyo sauti yoyote ianze na maneno haya: «Sogea mlangoni, weka simu sikioni.» Na jina la somo liwe «Somo la 4», basi.

Katika somo la kinywa, taja vitu kwa majina: kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, kitambaa laini na safi, mafuta kidogo ya midomo. Ainue kichwa, alowanishe kitambaa, akikamue, apanguse midomo, ufizi na ulimi, arudie kila baada ya saa 2 au kinywa kinapokauka. Eleza sababu ya kukikamua: mgonjwa asiyeweza tena kumeza hupaliwa, maji yakaingia kwenye mapafu. Ndugu watamsukuma mlezi amnyweshe, wakidhani anauawa kwa kiu. Mpe mlezi maneno ya kuwajibu kwa heshima, maana asipokuwa nayo atanywesha tu.

Mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, inataka uangalifu kuliko yote. Daktari anaandika miligramu, bomba la sindano linapima mililita. Miligramu 5 ni mililita 5 kama chupa ina miligramu 5 katika mililita 5. Ikiwa na miligramu 10 katika mililita 5, ni mililita 2.5. Msiulize «umeelewa?», kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo. Mwambieni avute maji ya kawaida hadi kwenye mstari unaotakiwa, apige picha ya bomba na karatasi ya chupa, awatumie. Kosa mtaliona kabla dawa haijafika mdomoni. Bomba na chupa tu: picha ya mgonjwa haiingii kwenye kikundi chenu cha simu hata siku moja, hata kidonda chake.

Kukoroma kwa koo siku za mwisho kunawatisha watu wa nyumbani. Sauti fupi inatosha: amlaze kwa ubavu, ainue kichwa kidogo, asimpe maji, apige simu kwa muuguzi. Namba hiyo iwe na mtu anayeipokea saa 8 usiku.

Kumgeuza mgonjwa, hapana, simu haitoshi. Mlezi anaweza kujibu maswali yote vizuri kisha akamburuta mgonjwa kwenye shuka, ngozi ya kiuno ikachunika. Hilo nendeni mkalitazame kitandani, walezi wawili wawili, shuka la kugeuzia likiwa chini ya mgonjwa kutoka mabegani hadi mapajani, kabla hamjamruhusu yeyote kushika zamu peke yake.