Mastodon watu wapo, ila hakuna anayekuletea

SWALI: Habari za kazi mkuu. Nina miezi miwili Mastodon, ule mtandao wa kijamii uliogawanyika kwenye seva nyingi zinazowasiliana, nilihamia baada ya kuchoka na matusi kule nilikokuwa. Nikaingia seva ya mastodon.social maana ndo ilikuja ya kwanza. Mimi nafufua redio za zamani, zile za valvu, nikajua ntapata wenzangu tupige stori. Nafuata watu 11, nimeandika posti kama 40, laiki 6, majibu hamna hata moja. Rafiki yangu anasema shida ni seva, nihamie ndogo yenye watu wakarimu. Halafu kuna jamaa kanifuata kwenye meseji anasema ataniingiza kwenye jamii zilizofungwa, anipe na wafuasi 1,000 pamoja na tiki, nimlipe tu. Nifuate lipi? Na hivi kule kuna watu kweli? Nimeambatanisha skrinshoti za posti zangu.

JIBU: Usimlipe. Nalitanguliza hilo maana mengine yote ukikosea unarekebisha, ila hela ikishaenda kwa hao watu ndo imeenda. Huyo ntamrudia huko chini.

Na watu wapo. Hilo swali nalipata karibu kila wiki toka nianze kusimamia seva, na nikifungua akaunti ya anayeuliza nakuta yaleyale niliyoyakuta kwako, posti nyingi, picha nzuri, na hajamjibu binadamu hata mmoja toka ajiunge.

Kinachonichosha zaidi ni huo ushauri wa rafiki yako. Hama seva, hama seva, kila mahali hama seva, yaani watu wameaminishwa kwamba ukipata seva sahihi basi majirani watakuja wenyewe kukukaribisha na chai. Nimeona mtu kahama mara tatu ndani ya mwaka mmoja na kila alipofika alikaa kimya vilevile, mwisho akafuta akaunti akaenda kutangaza kwamba Mastodon imekufa. Seva sio tatizo lako fundi, tatizo ni kwamba umetoka sehemu ambayo mashine inachukua posti yako inaigawa kwa watu usiowajua, ukaja sehemu ambayo hiyo mashine haipo, na hakuna aliyekwambia.

Angalia posti yako inavyosafiri. Ukibonyeza kutuma inaenda sehemu tatu tu: kwenye taimlaini za wanaokufuata, kwenye taimlaini ya ndani ya seva yako (posti za watu wote wa seva hiyo), na kwenye ukurasa wa hashtagi kama umeiweka. Basi. Wewe hufuatwi na mtu, taimlaini ya ndani ya mastodon.social inapita kasi kama mto maana ndo seva kubwa kuliko zote za Mastodon, na hashtagi hujaweka hata kwenye posti moja kati ya hizo ulizonitumia. Kwa hiyo posti 40 zote zimelala droo ya mezani kwako. Na sio mfano tu wa kuongea, kiufundi kabisa posti yako haitumwi kwenye seva nyingine mpaka kuna mtu wa huko anakufuata, au umemtaja mtu wa huko. Seva nyingine hazijui kama umeandika kitu.

Hapo ndo utaona kwa nini kuhamia seva ndogo ukiwa huna mtu ingeweza kukuumiza zaidi. Hashtagi sio ubao mmoja wa dunia nzima. Kila seva inaonyesha zile posti ambazo zimeshaifikia yenyewe, sasa ukiwa kwenye seva ya watu 50 na hamna anayekufuata nje, hashtagi yako inaonwa na hao 50. Na wewe ukitafuta hashtagi ukiwa huko unaweza kukuta ukurasa mtupu ukadhani hakuna anayeongelea redio, kumbe zimejaa, ila hakuna mtu wa seva yako anayewafuata waandishi wake. Hata profaili ya mtu wa seva nyingine unaweza kuifungua ukaona posti mbili wakati kaandika maelfu, ukitaka kuziona zote ifungue kulekule kwenye seva yake. Watu wanaangalia hilo wanasema huyu mtu hayupo hai, wanampita.

Sasa kinachotoa posti yako nje ni nini? Ni kujibu. Ukimjibu mtu wa seva nyingine jibu lako linapelekwa kule kwake kwa sababu umemtaja, hiyo ndo safari yako ya kwanza kutoka nje. Akisoma akaona una la maana akakufuata, kuanzia hapo posti zako za wazi zote zinaingia kwenye seva yake, na hashtagi zako zinaanza kuonekana na wenzake wa huko pia. Majibu kumi ya maana kwa watu kumi wa seva tofauti yanakufungulia milango kuliko posti mia. Na laiki isikudanganye, laiki Mastodon haiipeleki posti kwa wafuasi wa aliyelaiki, ni kama asante kwa aliyeandika. Kinachosambaza ni kubusti, yaani kuipeleka posti ya mtu kwa wanaokufuata wewe. Ukipenda kitu cha mtu kibusti, na wewe ndo utakavyoanza kubustiwa.

Kwa hiyo leo usihame. Nenda kafuate hashtagi zenyewe, uwezo huo upo toka toleo la 4.0 la mwaka 2022, fuata #VintageRadio na #HamRadio zianze kuingia kwenye taimlaini yako ya nyumbani, halafu wiki nzima jibu kabla hujaandika. Watu 11 ni wachache mno, taimlaini inayojaa watu ndo inakupa cha kujibu, fika hata mia, utakaowaona hawakufai utawaondoa. Andika posti moja ya utambulisho yenye #introduction, ibandike juu ya profaili, na hapohapo kwenye mipangilio ya faragha ruhusu posti zako zitafutike, maana toka toleo la 4.2 la mwaka 2023 utafutaji wa maneno upo ila unamuonyesha aliyekubali tu, usipowasha mwenyewe haupo.

Sasa skrinshoti zako. Ya kwanza ni picha ya redio mezani na maneno "Nyingine hiyo imepona 🔥". Hongera, lakini mtu akujibu nini hapo? Umetangaza, hujaongea na mtu. Nikaangalia ile picha vizuri, pembeni ya transfoma kuna kapasita imevimba kichwa na umajimaji umekauka chini yake, yaani stori nzima iko pale na wewe umeifunika kwa moto mmoja. Ungeandika "Hii ilikuwa inaunguruma hata nikishusha sauti mpaka mwisho, nikajua ni kapasita za filta nikabadilisha zote, muungurumo ukapungua ila haukuisha, nani ameshakutana na hii?" hakuna fundi wa redio anayeipita hiyo, hawezi, mkono wenyewe utaenda kwenye kibodi. Na picha iandikie maelezo yake, usiandike "redio", andika redio ya valvu imefunguliwa mgongo, kapasita mbili kubwa, moja imevimba. Kuna wasioona wanaosoma kwa programu ya kusomewa skrini, na kwa mazoea ya kule watu wengi hawabusti picha isiyo na maelezo, wala hawatakuja kukwambia, watapita tu. Hata hashtagi, kila neno lianze na herufi kubwa, hiyo programu isome maneno badala ya kuchanganya herufi.

Baada ya mwezi mmoja wa hivyo, ukiona bado unataka nyumba ndogo, hapo sawa, na hapo utakuwa unahama na watu wako. Wanaokufuata wanahamishwa na mfumo wenyewe, unaowafuata na uliowabloku unapakua faili unalipandisha kule, ila posti za zamani zinabaki. Na ukishahama inabidi ukae siku 30 kabla ya kuhama tena, kwa hiyo chagua kwa utulivu. Kwa mambo yako kuna mastodon.radio, ni ya watu wanaowasiliana kwa redio kama hobi. Hapo ndo udogo unasaidia, taimlaini ya ndani inaenda taratibu, watu wanaisoma yote, mgeni akiandika anaonekana.

Ukarimu wa seva hauujui kwa jina wala kwa rangi za ukurasa. Fungua ukurasa wake wa maelezo usome sheria, kama ni mstari mmoja wa "tuheshimiane" basi siku ukitukanwa hamna cha kushika. Angalia kama wanaonyesha seva walizozifungia na sababu zake. Nyingi zinakuruhusu kuona taimlaini ya ndani kabla hujajiunga, sasa kaa hapo nusu saa, tafuta posti ya mtu mgeni uone amejibiwaje, au hajajibiwa. Zilizoorodheshwa joinmastodon.org zimekubali masharti ya kusimamia kwa vitendo ubaguzi wa rangi, wa jinsia, na chuki dhidi ya mashoga na watu waliobadili jinsia, kufanya bakapu kila siku, kuwe na mtu wa pili mwenye funguo za dharura, na kutoa taarifa miezi 3 kabla ya kufunga. Hilo la mtu wa pili watu wanalipita, mimi ndo naliangalia la kwanza, maana seva ya mtu mmoja akiugua mmeugua wote. Na anwani pia ni ya kuangalia, mwezi wa pili 2024 seva ya queer.af ilipoteza anwani yake baada ya mamlaka za Afghanistan kuisimamisha, kwa sababu .af ni yao, watu wakaachwa hawana hata njia ya kuhama kawaida.

Haya, jamaa yako wa jamii zilizofungwa. Sijawahi kukutana na jamii inayokaribisha watu halafu inauza mlango. Seva iliyofungwa ina kisanduku kimoja kinachouliza kwa nini unataka kujiunga, na kuna binadamu anakisoma, bure. Ni mimi huyo asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote. Nafungua foleni nakuta "nataka kujiunga", "please", herufi za kubonyeza ovyo, na maombi matano yenye sentensi ileile neno kwa neno, hao wote nawakataa. Halafu anakuja mmoja kaandika mistari miwili, mimi ni fulani napenda kitu fulani nimesoma sheria namba tatu nimeikubali, namkubali hata kama Kiingereza chake kimevunjika. Kile kisanduku kinalinda walioko ndani. Mwezi wa sita 2023, wakati watu wanamiminika kutoka Reddit kwenda Lemmy, mtandao wa majadiliano wenye seva nyingi kama Mastodon, seva ya Beehaw ambao walikuwa wanasoma maombi ya kila mtu walikata mawasiliano na lemmy.world na sh.itjust.works, seva mbili kubwa zilizokuwa zinaingiza mtu yeyote, kwa sababu modereta (wasimamizi wa mazungumzo) wachache waliokuwa nao hawakuweza kumudu fujo iliyokuwa inatokea huko. Walilaumiwa sana, mimi naona walifanya kazi yao.

Wafuasi 1,000 ni roboti. Na hata wangekuwa watu, unanunua namba kwenye mtandao ambao hauna algoriti ya kuihesabia namba, haitakusogeza popote. Roboti hao wanakaa kwenye seva za spamu ambazo sisi tunazifungia, seva yako ikiifungia tu wafuasi wako wote wa huko wanakatika, na wewe unaachwa na profaili ambayo modereta yeyote akiiona anaikodolea macho. Makundi ya nifuate nikufuate ni hayohayo, watu mia wanaofuatana na hakuna anayemsoma mwenzake. Na wale wanaounganisha kiroboti cha kumwaga posti kutoka mtandao mwingine asubuhi mpaka usiku bila kurudi kujibu, wakiniuliza kwa nini jamii haiwakaribishi nashindwa hata nianzie wapi.

Tiki nayo haiuzwi. Mastodon uthibitisho ni linki ya tovuti yako mwenyewe, unaweka kwenye profaili, unaweka na kwenye tovuti linki ya kurudi yenye rel="me", mfumo ukiziona zote mbili ile linki inageuka kijani. Tiki unayoiona pembeni ya jina la mtu ni emoji kaibandika mwenyewe. Ndo maana akaunti zinazojiita timu ya msaada, zinazosema akaunti yako itafungwa usipothibitisha kwenye linki hii, zote ni wezi wa nywila. Admini wa kweli hahitaji nywila yako. Na hizo meseji za faragha hazijafungwa kwa siri, wasimamizi wa seva yako na wa seva ya unayemwandikia wanaweza kuzifikia, kwa hiyo usitume humo namba ya kadi wala kitambulisho hata kwa rafiki.

Huyo jamaa ukimbloku tu atahamia kwa mgeni mwingine kesho. Mripoti kwanza, chagua spamu, ambatanisha meseji zake, na kama yuko seva nyingine weka alama pale panapouliza kama nakala ipelekwe na huko pia, inaenda bila jina lako. Halafu ndo umbloku.