Canon au Nikon? Anza na lenzi

Ndugu yangu, umeuliza uchukue kamera ya Canon au Nikon kwa harusi za hapa Mwanza na ndege wa kisiwa cha Saanane. Usianze na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, anza na lenzi. Waulize wapiga picha wenzako wanatumia nini, maana siku ya harusi lenzi ya kuazima ndiyo inayokuokoa. Lenzi za EF za Canon, zilizoanza 1987, zinakaa hata kwenye bodi zake mpya za RF (zisizo na kioo ndani) ukiweka adapta, kiungo cha kati, na fokasi inajiendesha yenyewe. Nikon nao wana adapta ya FTZ ya kuweka lenzi zao za zamani kwenye bodi mpya, lakini zile lenzi za AF-D za zamani zisizo na mota ya fokasi ndani utafokasi kwa mkono, na furukombe akishuka majini hakungojei! Mimi ningechukua Canon iliyotumika na lenzi ya 50mm f/1.8, inayoingiza mwanga mwingi, kisha lenzi ya ndege ninunue baadaye.