Rekodini kabla ya kuvunja jungu

Bendi yetu ya roki iliishi miezi minane. Kilichobaki ni rekodi moja ya simu. Wadogo zangu mnaoanzisha bendi Unguja hii, nawaomba jambo moja: rekodini mapema.

Tulianza Disemba 2009, mwezi ule ule umeme ulipokatika kisiwa kizima hadi Machi 2010. Gitaa zetu mbili za umeme zikawa mapambo, amplifaya ikawa meza ya vikombe. Tukahamia uani kwa mpiga ngoma wetu, Kikwajuni, na gitaa kavu la kuazima, yeye akipiga ndoo ya rangi na sinia. Hapakuwa na kelele za kujifichia. Kila kosa lilisikika. Nyimbo tano tulizotunga gizani zilikuwa nzuri. Nasema hivyo hadi leo.

Umeme uliporudi tukadhani muda tunao. Tukapiga shoo tatu hotelini Nungwi, tukagombana kwa hela, tukaingia studio kurekodi nyimbo tatu, tukaziacha kwenye kompyuta ya watu zisubiri kumiksiwa. Kompyuta ikaungua. Agosti ikaingia Ramadhani, vyombo vikafunikwa kama ilivyo ada yetu, na baada ya Idi mmoja keshapata kazi Dar es Salaam, mwengine yuko Muscat. Hakuna aliyetamka kwamba bendi imekufa.

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili arekodi, ndiyo maana sauti yake tunayo. Nyinyi simu mnazo mfukoni. Iwekeni juu ya kiti, mbali kidogo na ngoma, mrekodi kila wimbo siku ile ile unapokamilika. Studio msitoke bila nakala yenu, kila ala na faili lake. Na siku ya kuvunja jungu, ile karamu ya mwisho kabla ya Ramadhani, kabla hamjatawanyika, pangeni tarehe ya kurudi mazoezini baada ya Idi. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu, ipo tangu 1905 kwa kuwa ni klabu yenye wanachama na uongozi. Akiondoka mtu, nafasi yake hujazwa. Sisi tulikuwa na urafiki tu.

Rekodi yetu ni ya dakika nne. Jenereta la jirani linanguruma tangu mwanzo, mama yake mpiga ngoma anaita kwamba chai inapoa. Kwenye ubeti wa pili jenereta linazimika ghafla, na kwa sekunde kumi na moja tunasikika sisi peke yetu.