Blichi imetoa rangi ya chungwa? Usirudie leo

Dada wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, uliyepaka blichi nyumbani ukitaka blondi, zikatoka chungwa: pole, ila usipake tena usiku huu. Nywele nyeusi zina wekundu mwingi ndani. Blichi ikizifungua, yaani ikizipunguza rangi, hupita nyekundu, halafu chungwa, ndipo njano. Wewe umeishia njiani.

Shampuu ya zambarau uliyoshauriwa haitakufaa sasa. Zambarau inazima njano. Chungwa linazimwa na bluu. Tafuta tona (rangi ya kurekebisha nywele zilizopakwa blichi) yenye bluu, uchanganye kwa kipimo cha kwenye boksi. Developa, ile dawa ya kuchanganyia rangi, ya asilimia 3 au 6 inatosha, ya 12 iache dukani. Utapata kahawia iliyotulia na inayopendeza, siyo blondi, maana tona haifungui nywele, inabadilisha rangi tu. Kila baada ya dakika chache futa kishungi kimoja kwa taulo uangalie.

Na hii baridi yetu ya Juni na Julai! Chumba kikiwa baridi dawa inafanya kazi taratibu, watu wanaishia kusogeza kichwa kwenye jiko la mkaa. Tafadhali usifanye hivyo: joto linafika upande mmoja, na moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Kama una dawa ya kulainisha kichwani, lowesha unywele mmoja uuvute. Ukirefuka kama raba bila kurudi, au ukikatika, acha kemikali zote, fanya stimingi (kurutubisha nywele kwa mvuke) kwanza. Blichi ya pili isubiri wiki kadhaa, mikononi mwa msusi anayeijua.